Orodha Kwanza, Pilau Baadaye: Kuhifadhi Kumbukumbu za Kidato cha Nne Lamu

Hakuna darasa la kidato cha nne la mwaka 1988. Si Lamu peke yake, Kenya nzima halipo. Watahiniwa wa mwisho wa KCE, mtihani wa zamani wa kidato cha nne, walifanya mtihani 1987. Waliokuwa nyuma yao walikuwa darasa la saba mwaka 1984, na badala ya kwenda sekondari wakabakishwa msingi mwaka mmoja zaidi, wakawa darasa la nane la kwanza la mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kidato cha kwanza waliingia 1986, na KCSE ya kwanza, mtihani uliochukua nafasi ya KCE, wakaifanya 1989. Kwa hiyo umekaa Mkunguni, uwanja wa mjini Lamu, mtu akakuletea picha ya wanafunzi waliojipanga na akaapa kwamba hiyo ni fomu foo ya themanini na nane, usibishane naye. Andika alivyosema, kisha tafuta mwaka wenyewe. Huenda ni watu wa 1987 waliorudi kuchukua vyeti, au ni kidato cha tatu cha 8-4-4, ambao mwaka huo hawakuwa na kidato cha nne cha kuwatangulia.

Mwaka ndio unaokosewa zaidi katika kazi hii ya kukusanya kumbukumbu za darasa, na ukishakosewa kila kitu kinachofuata huwekwa mahali pasipo pake. Mtego wa pili ni wa majuzi. Darasa la 2020 halikufanya mtihani 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na mtihani ukafanywa Machi na Aprili 2021. Cheti kinasema 2020, picha ya siku ya mwisho ina tarehe ya 2021, na wote wawili wanasema kweli. Darasa la 2021 nalo lilifanya Machi 2022, na mwaka huohuo wa 2022, Novemba na Desemba, darasa lake likafanya. Picha yenye "KCSE 2022" ubaoni inaweza kuwa ya moja kati ya makundi mawili yasiyosoma pamoja. Andika mwaka wa cheti, na pembeni andika mwezi na mwaka wa karatasi ya mwisho.

Kuhusu waliotangulia: jina KCE lilianza 1980, Baraza la Mitihani la Kenya lilipoanzishwa. Aliyemaliza katika nusu ya pili ya miaka ya sabini ana cheti cha EACE cha Afrika Mashariki. Wazee wengi husema "O level" kwa vyote, kwa hiyo omba kukiona cheti.

Makundi ya waliosoma pamoja siku hizi huanzia WhatsApp. Wiki ya kwanza ni vicheko, ya pili ni picha, ya tatu fulana, na mwezi wa pili kundi limekuwa la michango ya harusi na matanga. Hakuna ubaya katika kuchangiana. Lakini miaka hupita na hakuna anayeweza kukuambia darasa lilikuwa na watu wangapi. Orodha ndiyo kazi yenyewe. Picha, mashairi, kitabu na pilau ya mkutano vyote hutundikwa juu yake.

Orodha hutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni rejista ya udahili ya shule, daftari kubwa ambamo kila anayeingia kidato cha kwanza hupewa namba. Ya pili ni orodha ya watahiniwa iliyotumwa kwa Baraza. Ya tatu ni vichwa vya watu. Usitegemee moja peke yake. Rejista ya udahili inao walioingia hata wakatoka, lakini mara nyingi anayehamia kidato cha tatu akitokea Mombasa au Garsen huandikwa kurasa nyingi mbele, pamoja na kidato cha kwanza cha mwaka huo, na asiyejua atamkosa. Orodha ya mtihani inao waliofika mwisho tu. Aliyeacha kidato cha pili akaingia baharini, aliyeozwa, aliyekosa karo, hayumo. Na wenzake wakimtaja watasema "yule alikuwa wetu".

Mimi naona ni wao. Darasa si orodha ya mtihani. Ila waandikwe kwa alama, ili atakayesoma ajue nani aliingia, nani alihamia, nani alitoka njiani. Sababu ya kutoka isiandikwe mpaka mwenyewe aseme, kwa maneno yake. Mji wa Lamu ni mdogo, na uvumi wa mwaka 1991 ukichapishwa leo utamkuta mtu na wajukuu.

Kuiona rejista, andika barua kwa mwalimu mkuu, itiwe sahihi na watu watatu wa darasa hilo. Itaje mwaka wa kuingia na wa kutoka, iseme mtanakili hapohapo ofisini na hamtatoa daftari nje. Msiipeleke Oktoba wala Novemba, shule yote imeshika mtihani. Wiki ya pili ya muhula wa kwanza au wa pili ni nzuri. Mkikubaliwa, nakilini jina, namba ya udahili, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Safu za wazazi, dini na karo ziacheni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, na hata isingekuwepo, hayo si yenu. Daftari la zamani lisilazwe wazi kwa nguvu ili litulie kwenye skana, uti wake hukatika. Lifunguliwe nusu, liegemezwe vitabu viwili pande zote, lipigwe picha kwa simu ukurasa mmoja mmoja.

Sasa majina. Hapa ndipo mgeni hupotea kabisa. Darasa la Lamu la watu arobaini linaweza kuwa na akina Mohamed Ali watatu na Fatma Omar wawili. Jina la babu huwatenganisha kwenye karatasi, lakini hakuna mwanafunzi aliyemwita mwenzake kwa jina la babu. Aliitwa kwa mtaa, kwa kazi ya baba, kwa umbo, kwa kisa cha siku moja. Kwa hiyo kila mtu awe na mistari miwili: jina kama lilivyo kwenye rejista, herufi kwa herufi, hata likiwa limekosewa, na jina aliloitwa. Athman, Othman na Uthman wanaweza kuwa mtu mmoja kwenye hati tatu. Shee na Sheh vivyo hivyo. Usisahihishe. Ukisahihisha, atakayekuja na cheti mkononi hatajiona kwenye orodha yako. Jina la utani lenye matusi au kilema, muulize mwenyewe kama anataka libaki. Wengine hulipenda, wengine walilichukia kila siku kwa miaka minne.

Orodha ikifika nusu, acha kuuliza "nani mwingine unamkumbuka?" Swali hilo huleta walewale kumi kila mara: mcheza mpira, kiranja mkuu, mtukutu, aliyefaulu sana. Chora darasa. Chukua karatasi kubwa, weka mlango, madirisha, ubao na meza ya mwalimu, halafu visanduku vya madawati kwa safu. Chagua muhula mmoja, wa tatu wa kidato cha nne, kwa sababu watu walihama viti. Muulize kila mtu maswali manne tu: ulikaa wapi, kulia kwako nani, kushoto nani, mbele yako kisogo cha nani. Mtu asiyeweza kutaja majina kumi kwa mpigo atakujazia safu nzima kwa njia hii. Pakibaki kisanduku kitupu katikati ya watu sita wanaojulikana, unao watu sita wa kuwauliza kuhusu mmoja.

Kuna ramani ya pili, nayo ni ya chumba cha mtihani. Pale madawati hutenganishwa yapata mita 1.2 na watu hukaa kwa kufuata namba. Mtu anaweza kusahau aliyekula naye bweni, akamkumbuka aliyekuwa mbele yake siku ya hisabati akitikisa mguu. Ukiwa na orodha ya watahiniwa, ramani hii hujijenga yenyewe na kuthibitisha ile ya kwanza.

Wa bweni na wa kutwa waulizwe mbalimbali. Kumbukumbu zao hazifanani. Wa kutwa wa Langoni na Mkomani hukumbuka njia, adhuhuri, chakula cha nyumbani. Wa bweni waliotoka Faza, Siyu, Kizingitini, Witu au Mpeketoni hukumbuka usiku: prepu, foleni ya maji, na siku ya kufunga shule ambapo mashua ya Pate ilisubiri maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Ukiwaweka chumba kimoja, wa mjini huzungumza zaidi na wa visiwani hucheka tu. Na waliokuwa shule mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na kafyu ya usiku iliyofuata, wana kumbukumbu zisizofaa kuulizwa kwa haraka wala mbele ya watu. Wakizileta wenyewe, sikiliza. Wasipozileta, achana nazo.

Picha, na adui zake

Hewa ya Lamu ni adui wa karatasi. Unyevu hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na kuvu huanza kuota kwenye picha unyevu ukikaa juu ya 65. Kuna chumvi juu yake. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji masika na kuyatoa polepole, kwa hiyo picha iliyotundikwa ukuta wa nje huoza kwa nyuma kabla mwenyewe hajaona kitu mbele. Ikiwa lazima itundikwe, iwe ukuta wa ndani, na vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Ukienda kwa mtu kuomba picha, mara nyingi utamkuta mama yake ndiye mtunzaji. Salimu, kaa, kunywa ulichopewa. "Masalkheri mama, tumekuja kwa ajili ya zile picha za shule za kina fulani." Usiombe kuzichukua. Mwambie utazipiga hapohapo mbele yake, na uende na vitu vyako: simu iliyojaa chaji, kitambaa laini kikavu, penseli laini ya 2B, bahasha za karatasi, na kadi nyeupe ya ukubwa wa A4 ya kuwekea picha juu yake. Picha iliyotoka nje ya nyumba kwa ahadi ya "nitairudisha kesho" ndiyo chanzo cha milango mingi kufungwa.

Ukiikuta picha imeganda kwenye kioo cha fremu, usiibandue. Rangi ya picha imekwisha shikana na kioo, na itakayotoka ni karatasi nyeupe. Ipige ndani ya kioo chake: safisha kioo kwa nje, ilaze kivulini karibu na dirisha au dakani, simama jua lisikupige wala kivuli chako kisiangukie picha, zima taa ya simu, na simu iwe sambamba na picha kabisa. Mwangaza ukiakisi, shika nguo nyeusi juu ya simu, kinachoakisiwa na kioo kitakuwa cheusi na picha itajitokeza. Buibui la mwenye nyumba limefanya kazi hii mara nyingi.

Zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu ni mbaya zaidi kuliko sanduku la viatu. Gundi hugeuka rangi ya chai na kuila picha. Ikiwa picha inacheza pembeni, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole kama unayekata. Ikikataa, acha, piga ukurasa mzima. Picha yenye kuvu isifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ikaushwe kivulini kwenye upepo mpaka kuvu iwe vumbi, kisha ipanguswe kwa brashi laini, nje ya nyumba, umejifunga pua. Na kwa yeyote anayefikiria kulaminetisha picha ya darasa ili "isiharibike": plastiki hufungia unyevu ndani na haitoki tena. Wenye kufanya hivyo hufanya kwa mapenzi, na picha hufa mapema.

Picha za rangi za miaka ya themanini huwa zimegeuka nyekundu au njano, wakati nyeusi na nyeupe za miaka ya sitini zingali imara. Sababu ni rangi zenyewe, ambazo hupauka hata gizani, joto likiwa kubwa. Kwa hiyo ukiwa na muda wa siku moja tu, anza na za rangi.

Skana ikipatikana, weka dpi 600 (nukta kwa inchi) kwa picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6. Picha ya darasa ya ukubwa huo yenye watu arobaini, uso mmoja hauzidi milimita 5 kwa upana. Kwa dpi 600 uso huo hupata pikseli 118 hivi, na utamtambua mtu. Kwa 300 hupata 59, na akina Mohamed Ali watatu watafanana. Picha za pasipoti ziende 1200. Kubwa za fremu, 300 inatosha. Hifadhi ya asili kwa TIFF, na nakala ya JPEG ya kutumiana. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati na si kama picha, la sivyo programu huibana, na ikishatumwa tena mara tatu nyuso zimekuwa ukungu.

Jina la faili lianze na mwaka: 1994_kidato4_picha03_safu3. Tarehe ya rangi ya chungwa pembeni mwa picha isiaminiwe, kamera nyingi hazikuwahi kurekebishwa baada ya betri kuisha. Aminini vitu vilivyomo: picha ya Rais ukutani ofisini (Moi hadi mwisho wa 2002, Kibaki hadi Aprili 2013, Uhuru hadi Septemba 2022), muhuri wa studio kwa nyuma, tai na sare, jengo lililokuwa bado na lililokwisha. Pia kitabu cha fasihi mkononi mwa mtu. Vitabu vya kutahiniwa hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na aliyevisoma hasahau alivyovisoma.

Kutambua watu, chapisha picha kwa A4, nyeusi na nyeupe inatosha. Andika namba juu ya kila kichwa kwa kalamu, ukianzia safu ya mbele, kutoka kushoto kwa anayetazama. Andika neno "anayetazama" kila mara. Nusu ya makosa hutoka kwa aliyehesabu kushoto kwa waliosimama. Picha ya asili isiguswe na kalamu. Kama ni lazima kuandika nyuma, iwe penseli laini, kwa wepesi, ukingoni. Karatasi za picha zenye plastiki hazishiki penseli, na kalamu ya wino hupenya au hubandika wino kwenye picha iliyo juu yake, hivyo maelezo yaende kwenye bahasha kabla picha haijatiwa ndani. Waulizeni watu watatu, kila mmoja peke yake, kabla ya kuwakutanisha. Mkianza na kikao, mwenye sauti kubwa akisema namba 14 ni fulani, mjadala umefungwa hata kama fulani alikuwa likizo ya ugonjwa.

Kuna jambo la picha za wanawake, na Lamu halikwepeki. Msichana aliyepigwa picha ya sare mwaka 1986, leo pengine hatoki nje ya nyumba yake bila nikabu. Picha ni ya darasa, lakini uso ni wake. Fanyeni hazina mbili. Moja imefungwa, ina kila kitu, hushikwa na watu wawili waliokubaliwa, mmoja mwanamke. Nyingine ya wazi, ina zile tu ambazo kila anayeonekana ameridhia, au nyuso za wasioridhia zimefunikwa. Ridhaa iandikwe au irekodiwe: picha gani, ya kuchapishwa kitabuni au mtandaoni, ni mambo mawili mbalimbali. Mkusanyaji wa picha za wanawake awe mwanamke. Wanaume wakilichukua jukumu hilo, picha hazitoki kabatini, na kitabu kitatoka kama shule ilikuwa ya wavulana.

Otografu, mashati na mashairi

Vile vidaftari vya otografu vilivyozungushwa muhula wa tatu ni mali kuliko watu wanavyofikiri. Kila ukurasa una jina kwa mwandiko wa mwenyewe, lakabu, na anwani ya S.L.P. ya nyumbani. Kwa anwani hizo mmoja aliyepotea hupatikana, maana sanduku la posta mara nyingi lilikuwa la shule ya msingi ya kijijini, la duka au la mwajiri wa baba. Pigeni kurasa zote, hata tupu, kwa mpangilio wake.

Shati lililoandikwa siku ya karatasi ya mwisho lisifuliwe tena. Wino wa kalamu nene hupauka kwa mwanga na kwa sabuni. Litandazwe, lipigwe picha mbele, nyuma na kila mkono, rula ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, kisha lifungwe ndani ya leso kuukuu iliyofuliwa vizuri. Plastiki hapana.

Mashairi ya kuagana yamo vichwani, na Lamu yamo mengi. Mwenye shairi akikughania, rekodi kwanza, andika baadaye. Tarbia ina mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane. Ukihesabu ukapata kumi na tano, neno limedondoka, rudi umuulize. Usisanifishe Kiamu, lahaja ya Lamu. Aliyesema "mato" akiwa na kina cha "-to" ukimwandikia "macho" umemvunjia ubeti mzima.

Kurekodi sauti, epuka ukingo wa bahari wakati wa kusi, upepo huingia kwenye kinasa na hautoki. Daka la nyumba ya mawe ni zuri, kuta nene, watu hawapiti katikati. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, hali ya ndegeni, umbali wa mkono mmoja. Anza kwa kusema tarehe, mahali, jina la msemaji na kwamba ameridhia. Dakika 45 zinatosha kwa kikao. Muda mzuri ni baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Punda atalia tu, mngojee amalize.

Walimu waliotoka bara wakahamishwa ni vyanzo ambavyo hakuna anayewatafuta. Mwalimu wa darasa wa mwaka huo alishika rejista ya mahudhurio kila asubuhi. Anajua nani alichelewa kwa sababu ya mashua na nani kwa sababu ya uvivu. Mtafuteni kupitia walimu wenzake wastaafu.

Marehemu waandikwe pale walipo kwenye orodha, si ukurasa wa nyuma. Kifo kithibitishwe na mtu wa familia, kwa sababu katika kila darasa kuna angalau mmoja aliyeuawa na uvumi na bado anavua Kiwayuu. Darasa lilikuwa la Waislamu na Wakristo, hivyo maneno ya kumwombea kila mmoja yaulizwe kwake nyumbani.

Kitabu kikifika cha kuchapishwa, ukubwa wa A5 ni rahisi na hubebeka. Kikifungwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo mchapishaji ataongeza kurasa tupu msizozitaka. Lakini pini za chuma Lamu hushika kutu na kuacha alama ya kahawia katikati ya picha. Ombeni kushonwa kwa uzi, hata kama ni ghali zaidi. Nambari za simu zisiingie kitabuni. Kabla ya kuchapisha nakala zote, toeni moja, ipitishwe kwa watu watano wa mitaa mbalimbali kwa wiki mbili, kila mmoja na rangi yake ya kalamu. Makosa yatakayobaki baada ya hapo mtayavumilia.

Mkutano wenyewe sina mengi ya kusema. Wiki ya Maulidi watu wengi huwa wamerudi, lakini nyumba na boti zimejaa. Disemba huwapata wa bara. Waulizeni wa Pate maji yatajaa saa ngapi siku hiyo kabla ya kuandika saa kwenye kadi. Mchele, kilo moja kwa watu saba au wanane. Na ile picha mliyoitia namba ibandikwe ukutani karibu na mlango, na penseli iliyofungwa kwa uzi, kwa maana watu husahihisha wakiwa wamesimama na sahani mkononi.

Waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa darasa la nane, mwaka 2023 ndio watakaofanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Nyuma yao hakuna kidato cha nne tena, kuna wa gredi ya kumi na kumi na moja wa mtaala mpya. Wao wana nafasi ambayo wa 1987 hawakuipata, na kazi yao ni ndogo ikifanywa sasa. Wapigwe picha wakiwa safu nne, wafupi mbele, saa tatu asubuhi kabla jua halijawafumba macho, mpigaji asimame juu ya dawati ili nyuso za nyuma zisizibwe. Majina yaandikwe siku hiyohiyo, safu kwa safu, na kila mwanafunzi asome jina lake kabla ya kuondoka uwanjani. Wazazi watie sahihi ya ridhaa, wengi wao bado hawajatimiza miaka 18. Ramani ya madawati ichorwe wiki ya mwisho ya masomo. Nakala moja ibaki shuleni, moja iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nenosiri linalojulikana na watu watatu, na ya tatu ashike mtu anayeishi nje ya kisiwa, Malindi au Mombasa, ndani ya bahasha ya karatasi.